Mayai ya Marans kutoka Ufaransa, niko Bukavu: naomba ushauri

Mama Neema, Ibanda
Jambo wapendwa wafugaji. Ndugu yangu ameniletea mayai 12 ya Marans, wale kuku weusi wenye shingo ya rangi ya shaba. Yana cheti cha daktari wa mifugo. Yalipanda ndege mpaka Kigali, kisha gari kupitia kona zote za Nyungwe hadi Ruzizi. Ganda lake ni chokoleti kabisa. Nayapenda tangu zamani. Mashine yangu ya kutotolesha ni ndogo, ina feni. Niyaweke leo? Unyevu kiasi gani? Nikimulika na tochi sioni kitu, ganda limekolea mno.

Papa Kuku, Bagira
Usiyaweke leo, mama. Yasimamishe kwenye trei, ncha nyembamba chini, saa 24. Barabara ile inatikisa mfuko wa hewa ulio ndani ya yai mpaka unaachia. Hata yakiingia ndani, siku mbili tatu za mwanzo usiyageuze. Joto 37.5. Na mayai yaliyosafiri hivyo, yakitotoa nusu shukuru Mungu.

Joli, Goma
Unyevu weka chini, asilimia 35 hadi 40. Ganda la Marans linapitisha maji polepole.

Mzee wa Mifugo, Lubumbashi
Binti Joli, hiyo inafaa kule Marans kwenyewe, nchi tambarare karibu na La Rochelle. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, yai linakauka haraka. Ganda linazuia maji, mlima unayavuta. Kwa hiyo Mama Neema asifuate namba ya mtu, apime mayai. Andika uzito kwa penseli juu ya kila ganda. Yai la gramu 70, siku ya 18 liwe limebaki na 61 au 62. Likishuka mbio, ongeza maji kwenye mashine, likichelewa, punguza. Mzani utakuambia kile tochi imeshindwa. Kuanzia siku ya 18 acha kugeuza, pandisha unyevu hadi 65 au 70.

Mama Neema
Aksanti sana, mzee. Na umeme ukikatika? Nina kuku wa kienyeji ameanza kuatamia.

Papa Kuku
Ehe, huyo ndiye dawa! Mpe sita, mengine yabaki kwenye mashine. Mtoe chawa kwanza. Umeme ukienda, funika mashine na blanketi, matundu ya hewa yabaki wazi, wala usifungue kuchungulia.

Joli
Nimekubali, mzee. Mama, chanjo ya kideri usichelewe. Wakikua, jogoo wa kienyeji asiwafikie. Akimpanda tetea, subiri wiki tatu kabla ya kuweka mayai yake ya kutotolesha. Na vifaranga vya mayai yaliyokolea zaidi vifunge uzi mguuni, hata vya kiume. Jogoo hatagi, lakini rangi ya ganda binti zake wanairithi kwake pia.