AC ndogo ndani ya Hiace kwa sola, betri ya ukubwa gani?

Hiace_Bamburi
Salamu wakuu. Nataka kulala kwenye Hiace na AC ya dirisha ya BTU 5,000 (kipimo cha nguvu ya kupooza) kwa masaa manane, injini imezimwa. Paa linabeba paneli tatu za wati 200. Betri gani itanifikisha asubuhi? Kaskazi hii gari ni tanuri.

Fundi_Kisauni
Inawezekana, ila anza na hesabu ya usiku. AC hiyo hula wati 450 hivi. Pamoja na upotevu wa inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) weka 500. Kwa unyevu wetu wa pwani kompresa (pampu ya AC inayoleta ubaridi) haipumziki sana, tuseme inazunguka asilimia 70 ya muda. Hapo kwa masaa manane unahitaji wati-saa 2,800 (wati mara saa). Lithiamu (LiFePO4) ya volti 24, ampea-saa 150, ina kama wati-saa 3,800 (volti mara ampea-saa), inatosha bila kuikausha. Betri za asidi hazifai kushuka chini ya nusu, kwa hiyo ungebeba ampea-saa 240, uzito mtupu.

Tatizo ni kuirudisha chaji. Wati 600 kwa saa 5 za jua kali, ukitoa robo kwa joto na vumbi, ni wati-saa 2,250. Zile 550 zilizobaki zitoe kwenye altaneta (jenereta ya injini ya gari) kwa chaja ya DC-DC, ile inayochaji betri hii kwa umeme wa gari, ya wati 400, mwendo wa saa moja na nusu. Ukiwasha AC mchana pia, hesabu imevunjika.

Sola_Likoni
Naongezea inveta, ndipo wengi huunguza vitu. Kompresa ya kawaida ikiwaka huvuta mara 3 hadi 5 ya wati zake. Chukua inveta ya wati 2,000 yenye wimbi safi kama la stima ya nyumbani. Zile za bei rahisi hufanya kompresa ingurume na kuchemka. Waya wa betri hadi inveta uwe milimita mraba 35, usizidi mita moja, na fyuzi ya ampea 125 ikae karibu kabisa na betri.

Paneli ziinue sentimita 4 juu ya bati, hewa ipite. Zenyewe zinakuwa kivuli cha paa. Hewa ya chumvi hula viungio, vipake grisi.

Hiace_Bamburi
Shukran sana. Na ile AC ya magurudumu yenye bomba moja?

Fundi_Kisauni
Iache, ndugu yangu. Inatupa nje hewa iliyokwisha kupoa, na nafasi yake inajazwa na joto la nje kupitia kila upenyo wa milango. Kompresa haitazima usiku kucha.