Tupeane uzoefu: ukiwa na fedha ya kubadilisha waya mmoja tu kwenye muziki wa nyumbani, uanze na upi?

Ndugu wapenda muziki wa Mwanza na wote mlio kandokando ya ziwa, habari za jioni. Nimeanzisha mjadala huu kwa sababu wenzangu wengi wanaonunua amplifaya na spika za mtumba huniuliza swali lilelile: fedha kidogo iliyobaki iende kwenye waya wa spika, wa kuunganisha deki na amplifaya, au wa umeme? Naomba kila mmoja aeleze aliyoyasikia nyumbani kwake, kwa vyombo alivyo navyo, ili anayeanza asitumie fedha kwa kufuata maneno ya muuzaji peke yake.

Nianze mimi. Sebule yangu hapa Nyegezi ni ndefu, na spika ya upande wa mbali hufikiwa kwa waya wa mita 8 unaopita chini ya ukuta. Waya wa awali ulikuwa wa nusu milimita ya mraba. Shaba ya unene huo ina ukinzani (yaani jinsi inavyouzuia umeme kupita, na kipimo chake ni omu) wa takriban omu 0.035 kwa kila mita, na kwa kuwa umeme huenda na kurudi, mita 8 ni sawa na mita 16 za shaba, yaani zaidi ya nusu omu kabla ya kuifikia spika. Spika zangu ni za omu 4, kwa hiyo waya peke yake ulikuwa sawa na asilimia 14 ya mzigo wa spika, na amplifaya ilikosa nguvu ya kuizuia koni isiendelee kutikisika baada ya noti kwisha. Nilipoweka waya wa milimita mbili na nusu za mraba, ukinzani wa njia yote ulishuka hadi takriban omu 0.11. Gitaa la besi katika nyimbo za zamani za dansi, ambalo awali lilisikika kama mvumo mmoja, lilianza kutoa noti moja moja. Kipimo ninachokifuata tangu hapo ni kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Spika za omu 8 zilizo mita 2 kutoka kwenye amplifaya hazihitaji hata waya mnene kiasi hicho, na mwenye nazo akiniuliza humwambia aitunze fedha yake.

Karibuni.

Mdau, Igoma (fundi umeme):

Asante kwa kuanzisha, kaka. Nakubaliana nawe, ila kabla ya unene mtu aangalie kwanza waya umetengenezwa kwa nini. Waya mwingi wa spika wenye ganda linaloonyesha rangi ya shaba ndani ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Mimi huomba kipande kidogo, nakwangua uzi mmoja kwa wembe, na nikiona weupe katikati najua ni alumini. Njia nyingine ni moto wa kiberiti cha gesi: uzi mwembamba wa alumini hulegea na kukatika upesi, kwa sababu alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 wakati shaba inahitaji zaidi ya 1,080. Hata uzito mkononi unatosha, kwani shaba ni nzito zaidi ya mara tatu. Sisemi alumini haifai kabisa. Inafaa, lakini inahitaji unene wa takriban mara moja na nusu ili ilingane na shaba, kwa hiyo anayeuziwa milimita mbili na nusu ya alumini kwa bei ya shaba amepunjwa.

Pia nawasihi wenzangu wakague ncha za waya kabla ya kununua chochote. Nyumba zilizo karibu na maji zina unyevunyevu, na shaba iliyo wazi huota kutu ya kijani pale inapobanwa. Kata sentimita mbili, menya upya, kaza vizuri. Hakikisha vilevile kwamba nyekundu imeingia kwenye nyekundu katika spika zote mbili, maana spika moja ikigeuzwa, besi ya upande huu hufutwa na ya upande ule, na mtu huenda kununua sabufa asiyoihitaji.

Mdau, Isamilo (mwalimu mstaafu):

Wanangu, nami nichangie kwa upande wa santuri, ambao naona umesahaulika. Kwa deki ya kawaida au simu, waya wa kuunganisha na amplifaya haubadilishi chochote nilichowahi kukisikia, alimradi ni mzima na ncha zake zinabana. Jioni moja nilimwomba binti yangu abadilishe waya wa bei ndogo na wa bei kubwa bila kunionyesha ni upi umechomekwa, nami sikuweza kuutambua. Kwa santuri mambo ni tofauti. Sindano ya sumaku inayotembea hutoa umeme mdogo mno, na sauti zake za juu hutegemea jumla ya pikofaradi (kipimo cha uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme) za waya na za amplifaya. Waya mrefu usio na sifa nzuri huongeza pikofaradi hizo na kuharibu uwiano wa sauti za juu. Nilipoweka waya mfupi wa chini ya mita moja, wenye wavu mzuri wa kuzuia mvumo, sauti ya matari ilirudi ilivyostahili kuwa. Kwa hiyo kwangu mimi waya wa kwanza ulikuwa huo, na waya wa spika ulifuata.

Mdau, Kirumba (dada mwenye televisheni iliyounganishwa na amplifaya):

Tatizo langu lilikuwa mvumo wa chini usiokoma, hata sauti ikiwa imeshushwa kabisa. Nilishauriwa ninunue waya ghali wa umeme. Shikamoo mwalimu, nilifuata njia kama yako ya kujaribu kwanza: nilichomoa waya mmoja baada ya mwingine, na mvumo ulikoma nilipochomoa waya wa dishi nyuma ya televisheni. Kumbe dishi lilikuwa na njia yake ya ardhi na amplifaya ilikuwa na yake, na mkondo ulizunguka kati ya hizo mbili kwa kupitia waya wa sauti. Dawa ilikuwa waya wa mwanga kutoka kwenye televisheni hadi kwenye amplifaya, kwa sababu hupitisha mwanga tu na hauna chuma kinachounganisha ardhi hizo. Kuna aliyenishauri nikate pini ya ardhi kwenye plagi ya amplifaya. Nawaomba sana msifanye hivyo, hasa kwa radi za ziwa letu na watoto wanaogusa kila kitu.

Mdau, Nansio, Ukerewe:

Kwetu tunaotumia sola, ndugu zangu, mpangilio wenu unageuka. Muziki wangu huchukua takriban wati 300 kupitia inveta ya volti 12, ambazo ni ampea 25 kutoka kwenye betri. Waya wa milimita mbili na nusu wenye urefu wa mita 5 hupoteza karibu volti 1.75 njiani, na inveta hulia king'ora kila ngoma inapopigwa kwa nguvu, ingawa betri imejaa. Nilihamishia inveta karibu na betri, nikaweka waya wa milimita 16 na fyuzi upande wa betri, na upotevu ukawa mdogo mno. Waya wa spika nilionao ni uleule wa zamani, na sina sababu ya kuugusa.

Mwanzisha mada:

Nashukuru sana, shikamoo mwalimu. Maelezo ya Nansio yananilazimisha kuongeza jambo: anayeomba ushauri hapa chini ataje omu za spika zake, umbali kutoka kwenye amplifaya, chanzo cha muziki, na kama anatumia umeme wa gridi au sola, kwa sababu bila hayo hatuwezi kumwambia waya gani utangulie. Ningependa pia kusikia kutoka kwa wenzetu wa Musoma na Bukoba waliopitisha waya ndani ya ukuta, hasa jinsi walivyozitenga nyaya za sauti na za umeme, maana ninajiandaa kupiga lipu na nisingependa kubomoa tena.