Chuma kisichoonekana katika nyota hupimwaje?

Swali
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Nimesoma kwamba katika nyota SMSS J031300.36−670839.3, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014, hakuna chuma kilichogunduliwa, ingawa kaboni, magnesiamu, kalsiamu na lithiamu zilionekana. Naelewa kwamba kila elementi hufyonza mwanga wa rangi zake maalumu na kuacha mistari myeusi kwenye spektra, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa katika rangi zake. Sasa mstari usipoonekana, tarakimu ya chuma inayotajwa kwa nyota hii inatoka wapi?

Jibu la kwanza
Tarakimu hiyo si kiasi cha chuma kilichomo, bali ni kikomo cha juu. Watafiti hukokotoa spektra ya nyota yenye halijoto na mvutano uleule, wakiongeza chuma kidogo kidogo hadi mistari yake ifikie kina ambacho chombo chao kisingeshindwa kukiona. Nyota hiyo ilibainishwa kwa darubini ya SkyMapper ya Australia, ikapimwa kwa darubini ya Magellan iliyoko Chile, na kikomo kilichotangazwa kilikuwa chini ya sehemu moja kwa milioni 10 ya kiwango cha Jua.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu, ila kikomo hicho kinategemea sana jinsi tunavyoielewa anga ya nyota. Pasipo metali za kutosha (wanaastronomia huita hivyo elementi zote nzito kuliko heliamu), mwanga wa urujuanimno kutoka tabaka za chini hupenya kwa urahisi na kuziondolea atomu za chuma elektroni, hivyo atomu kamili zinazochora mistari tunayoitafuta hupungua kuliko hesabu za kawaida zinavyodhani. Chuma kinaweza kuwepo huku mstari wake ukififia. Hesabu mpya za mwaka 2017, zilizozingatia jambo hilo pamoja na mwendo wa gesi katika pande zote tatu, zilipandisha kikomo hadi karibu sehemu moja kwa milioni 3.4. Kwa maoni yangu, hili linastahili kutajwa kila nyota hii inapozungumziwa.

Mwuliza swali
Nashukuru sana. Je, kalsiamu nayo haina utata?

Jibu la pili
Upo, wa namna nyingine. Mstari wake wa nanomita 393.4 hubaki na nguvu hata metali zikiwa haba mno, lakini gesi iliyotanda kati yetu na nyota huchora mstari uleule. Mistari hiyo hutenganishwa kwa kutumia tofauti ya kasi: nyota na gesi haziendi kwa mwendo mmoja, kwa hiyo mistari yao husogea kwa viwango tofauti, mradi spektrografu, yaani chombo kinachotawanya mwanga katika rangi zake, iwe na uwezo wa kuchambua rangi kwa undani.