Mjadala: Viwanda vya kuyeyusha betri chakavu virudi Mombasa, au tuvipige marufuku?

Mwanzisha mada

Wenzangu, hili tulijadili kabla halijatugongea mlango. Tunahubiriwa uchumi wa kijani asubuhi na jioni: sola juu ya mapaa, boda za umeme, ajira kwa vijana. Betri zikishakufa zinakwenda wapi, hapo kila mtu anatazama pembeni. Betri ya kawaida ya gari ina uzito wa kilo 15 hivi, na zaidi ya nusu yake ni madini ya risasi. Zihesabu za malori yanayoshuka bandarini, za matatu, za minara ya simu, za sola zilizofungwa zamani mashambani. Zote zina siku yao ya kufa.

Kwa hiyo atatokea mwekezaji na karatasi nzuri. Atasema kiwanda chake ni cha kijani, na kwa karatasi hakosei: risasi huyeyushwa ikarudi kuwa betri mpya mara nyingi, na kila tani inayorudi ni tani isiyochimbwa mgodini. Ataahidi ajira. Ataomba ploti ndani ya ukanda maalumu, ambako kampuni ya EPZ, yaani ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, husamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10.

Sisi watu wa Mombasa tumeshayaona hayo. Owino Uhuru, kule Mikindani, kiwanda cha namna hiyo kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014, ukuta kwa ukuta na kijiji cha watu wapatao 3,000. Moshi, vumbi na maji ya kiwandani viliingia majumbani, na damu za watoto zilipopimwa zikakutwa na risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa hapo na ambaye mwanawe mwenyewe aliugua, ndiye aliyesimamisha vita ile hadi akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Msimamo wangu nausema mapema nisije nikaitwa mnafiki. Mimi si wa kupiga marufuku. Nataka viwanda hivi viwepo, ila kabla tanuri halijawashwa mwenye kiwanda aweke fedha taslimu za kusafisha mahali pale, na majirani wapimwe damu kwanza. Asiyekubali hayo mawili asipewe leseni hata kama ameletwa na waziri. Haya, nipingeni.

Mkazi wa Mikindani

Wewe unakaa wapi, ndugu? Nauliza kwa heshima. Wanaosema "viwanda viwepo" huwa hawakai upande ambao upepo unapelekea moshi. Mimi nasema marufuku, kamili, kuanzia Lungalunga hadi Lamu. Watu wamepigania haki yao tangu kiwanda kifungwe na mahakama zimewapandisha na kuwashusha kama ngazi. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikiwaka sasa ni kijana wa kidato. Hizo fedha taslimu zako zingemsaidia nini?

Fundi Betri, Kongowea

Naomba niseme kama mtu wa kazi. Marufuku ya kiwanda ni sahihi ya karatasi tu, kazi yenyewe haisimami. Betri ikifa inaletwa kwetu. Yupo anayeipasua kwa panga au shoka, tindikali anaimwaga mtaroni, sahani za ndani anazitoa kwa mkono mtupu, anaziyeyusha kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa nyuma ya kibanda. Anatoa vizito vya nyavu vya kuwauzia wavuvi, au anamimina vipande anampa mnunuzi. Jioni anarudi nyumbani na nguo zile zile, anambeba mtoto. Huyo hana leseni ya kunyang'anywa. Mkifunga kiwanda kimoja mnafungua visufuria mia, na hivyo hakuna mkaguzi atakayevifikia.

Nesi wa Likoni

Alichosema Fundi kina ushahidi wa kutisha. Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar, Senegal, hapakuwa na kiwanda kikubwa. Ni watu wa kawaida, wengi wanawake, waliokuwa wakichekecha mchanga uliojaa mabaki ya betri ili wapate risasi ya kuuza. Watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Waliokwenda kuchunguza walikuta hata ndugu na mama za watoto hao wana sumu hiyo mwilini.

Na niwaambie jambo ambalo wengi hawalijui: mtoto mwenye risasi damuni mara nyingi haonekani mgonjwa. Hana homa, hatapiki. Atakuwa mzito darasani, mkali bila sababu, mwalimu atasema ni mtukutu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na mwongozo wake wa 2021 unataka chanzo kitafutwe mtoto akifikisha maikrogramu 5 kwa desilita ya damu. Dawa za kuitoa zipo kwa wale waliozidiwa, lakini akili iliyopotea hazirudishi. Kwa hiyo anayesema "tutapima wakilalamika" hajui anachokisema. Malalamiko huja mambo yameshaharibika.

Mbishi

Mnapoteza muda na teknolojia inayokufa. Boda za umeme zinatumia betri za lithiamu, hazina risasi. Sola mpya vivyo hivyo. Miaka michache mbele hakutakuwa na cha kuyeyusha.

Mkemia wa Voi

Bwana Mbishi, nusu ya kwanza ni kweli, ya pili siyo. Boda hizi za kubadilisha betri kituoni ni lithiamu, sawa. Lakini gari lolote la petroli au dizeli bado linawashwa na betri ya risasi, na hata magari mengi ya umeme yana betri ndogo ya risasi ya volti 12 kwa taa na mitambo midogo. India na Bangladesh, tuktuk za umeme za bei nafuu zimejaa betri za risasi kwa sababu moja tu: ni rahisi kununua. Bei ikivutia huko, itavutia na Kisauni.

Kuhusu kiwanda chenyewe, hakuna uchawi. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi tu, ndiyo maana hata sufuria ya mtaani inaiweza. Shida ni kwamba kilicho ndani ya betri si risasi tupu. Kuna tope la salfeti na oksidi linalohitaji moto mkali zaidi, na huko ndiko mvuke na vumbi laini hupanda. Kiwanda cha maana kinapasua betri kwa mashine ndani ya jengo lililofungwa, kinazimua tindikali, moshi wote unapita kwenye vichungi vya mifuko, na mfanyakazi anaoga na kuacha nguo pale pale. Vichungi hivyo vinakula umeme na vinahitaji kubadilishwa. Kwa mwenye kiwanda ni gharama isiyomletea hata shilingi. Mkaguzi akiondoka, kitu cha kwanza kuzimwa usiku ni hicho. Nimefanya kazi sehemu moja, siitaji, tuliujua moshi wa saa nane za usiku kwa rangi yake.

Mnunuzi wa Skrepa, Changamwe

Mimi ndiye mnayenisema bila kunitaja. Nanunua betri kwa kilo, na nauza kwa anayenipa bei nzuri. Si siri. Kiwanda chenye vichungi na bafu za wafanyakazi kitanipa bei ndogo kwa sababu kina gharama. Wa sufuria atanipa zaidi kwa sababu gharama yake anailipa jirani. Sasa niambieni, mimi nina watoto watano, niuze wapi? Mkitaka betri ziende kiwandani msihubiri, wekeni fedha. Anayenunua betri mpya akirudisha ya zamani apunguziwe bei, na duka lisiruhusiwe kuiuza ile ya zamani ovyo. Hapo mzigo utakwenda wenyewe.

Mwanasheria Mtazamaji

Hilo la mnunuzi lina mguu wa kisheria tayari. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka mzalishaji na mwingizaji wa bidhaa abebe jukumu la bidhaa hiyo hadi inapokuwa taka. Kinachokosekana ni meno.

Lakini nataka nirudi kwenye kesi ya Owino Uhuru, kwa sababu watu wanaikumbuka kama kesi ya kampuni mbaya. Isomeni hukumu ya 2020 vizuri. Jaji aliigawa lawama: kiwanda 25%, NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) 40%, na wizara za mazingira na afya, mamlaka ya EPZ na mwenye ardhi wakagawana iliyobaki. Maana yake aliyepewa kazi ya kulinda alibeba zaidi ya aliyechafua. Na fedha za serikali ni kodi zetu, pamoja na kodi za hao hao wa Mikindani. Kampuni inaweza kufungwa, wakurugenzi wakapanda ndege, mlipa kodi akabaki na bili.

Wala msidhani ni ugonjwa wa Afrika. Vernon, karibu na Los Angeles, kiwanda cha Exide cha kuyeyusha betri kilifungwa 2015 baada ya kuchafua udongo wa maelfu ya nyumba. Mwaka 2020 kampuni ikiwa kwenye ufilisi, mahakama ikairuhusu ilitelekeze eneo lile. Jimbo la California, pamoja na utajiri wake, limebaki likisafisha yadi za watu kwa mamia ya mamilioni ya dola. Kwa hiyo namuunga mkono mwanzisha mada kwenye amana ya fedha taslimu. Hukumu huja baadaye, na baadaye mara nyingi hakuna wa kumdai.

Mkazi wa Mikindani

Wakili, umesema vizuri, ila umenithibitishia langu. Kama NEMA ilipewa 40% ya lawama, leo nini kimebadilika hadi niiamini na kiwanda kipya? Mnatupa dawa kwa mkono ule ule.

Bandari tunayo. Pakieni betri kwenye makontena, zipelekwe kwenye nchi zenye viwanda vya uhakika. Mkataba wa Basel, wa kusafirisha taka hatari kati ya nchi, unaruhusu, mradi nchi inayopokea imeridhia kwa maandishi.

Mkemia wa Voi

Zipelekwe wapi, ndugu yangu? Anayetoa bei nzuri sokoni si lazima awe mwenye vichungi vizuri. Tutakuwa tumeuhamisha moshi kutoka Mikindani kwenda kijiji cha mtu mwingine ambaye hatutamwona. Na betri zenye tindikali ni mzigo hatari, nauli yake si ya kontena la majani chai. Itakapopanda, mzigo utarudi kwa wa sufuria.

Fundi Betri, Kongowea

Na sisi mtatufanyaje? Kila anayeongea hapa anazungumzia mwekezaji na jirani. Vijana wanaopasua betri hawakuchagua kazi hiyo kwa raha. Kiwanda kikija na masharti yenu yote, kitaajiri wenye vyeti. Wekeni sharti jingine, kwamba walioanza mtaani wachukuliwe kwanza kwenye kukusanya na kusafirisha, bila kupasua. Betri nzima isiyovuja si hatari kuibeba. Hatari inaanza panga likigusa.

Mwanzisha mada

Fundi, hilo nalichukua lote, na ni bora kuliko nilivyoanza. Kukusanya bila kupasua ni kazi ya maelfu ya watu, na haihitaji cheti.

Mkazi wa Mikindani, umeniuliza ninakaa wapi. Miritini, si mbali na hapo. Kuhusu NEMA siwezi kukubishia, na ndiyo sababu amana sitaki ikae kwa NEMA wala kwa EPZ. Iwekwe benki, katika akaunti inayofunguliwa kwa amri ya mahakama ya mazingira, na wakazi wawe na haki ya kuomba itolewe vipimo vya damu vikipanda. Vipimo vifanywe kila miezi sita na hospitali isiyolipwa na kiwanda, matokeo yabandikwe kwa chifu ambako hata asiyekuwa na simu atayaona, bila majina ya watoto. Katiba imeshatupa mlango: kifungu cha 42 ni haki ya mazingira safi, na cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwanza kwamba yeye mwenyewe ameumia.

Na umbali. Kiwanda kisipakane na makazi, basi. Hilo halina mjadala kwangu.

Mbishi

Amana ya kiasi gani? Mkisema kubwa hakuna mwekezaji atakayekuja, mkisema ndogo ni mapambo.

Mwanasheria Mtazamaji

Kipimo tunacho. Hukumu ile ile ya 2020 ilitaja shilingi milioni 700 za kusafisha udongo na maji ya Owino Uhuru, mbali na fidia. Kijiji kimoja, kiwanda kimoja, miaka saba. Anzeni na namba hiyo.

Mnunuzi wa Skrepa, Changamwe

Milioni 700 hakuna atakayeweka. Atakwenda Uganda au Tanzania na betri zitamfuata kwa lori, mimi nikiwa mmoja wa wauzaji. Hilo mlizungumze Arusha, Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima iwe na sharti moja, la sivyo mnaandika sheria ya kumfaidi wa ng'ambo ya mpaka.

Mkazi wa Mikindani

Kama hawezi kuweka gharama ya kusafisha atakachokichafua, basi biashara yake haina faida. Faida yake ni sisi. Aende.