Vipindi vya TV tulivyovisahau nusu: tupeane uzoefu wa kuvitambua na kuviokoa kwenye mikanda

#1

Wakuu, salaam.

Karibu kila mtu ana kipindi kinachomkaa kichwani vipandevipande: wimbo wa mwanzo, sura ya kikaragosi, koti la mtangazaji, ila jina limeyeyuka. Uzi huu ni wa kuvirudisha vipindi hivyo. Naomba tuweke ufundi mtupu: unakitambuaje kipindi, unakitoaje kwenye kaseti ya VHS bila kukiua, na unakitunzaje.

Kaseti za nyumbani nazitaja kwa sababu vituo vyenyewe havikutunza kila kitu. Mikanda ya studio ilikuwa ghali, ikafutwa ili irekodiwe upya. BBC ilipoteza hivyo sehemu nyingi za Doctor Who (tamthilia yake ya kisayansi ya kubuni) za miaka ya 1960. Sehemu 9 zilizotangazwa kupatikana Oktoba 2013 zilikutwa Jos, Nigeria, kwenye nakala za filamu zilizouzwa nje. Zile ambazo picha zake bado hazijaonekana, sauti zake zote zipo, maana watazamaji walizirekodi wenyewe majumbani. Marekani nako, Marion Stokes wa Philadelphia alirekodi TV usiku na mchana kwa miongo kadhaa mpaka alipofariki mwaka 2012, akaacha makumi ya maelfu ya kaseti.

Kwa hiyo kaseti yenye vumbi juu ya kabati huenda ndiyo nakala pekee iliyobaki. Karibuni.

#2

Naanza na utambuzi. Mtafutaji hukimbilia jina, na hapo ndipo anapopotea, kwa sababu jina hubadilika kila kipindi kinapovuka mpaka wa lugha. Katuni ya Kijapani ya mpira wa miguu, Captain Tsubasa (1983), kwa Kiarabu ni Captain Majid, kwa Kifaransa Olive et Tom, kwa Kiitaliano Holly e Benji. Ukimtafuta Majid kwenye orodha ya wahusika wa Kijapani humpati ng'o.

Kibaya zaidi, kipindi chenyewe kinaweza kuwa kimekatwa na kuungwa upya. Gatchaman ya Japani (1972, sehemu 105) iliingia Marekani mwaka 1978 kwa jina la Battle of the Planets, ikiwa na sehemu 85. Matukio makali yaliondolewa, na roboti aitwaye 7-Zark-7 akaongezwa ili asimulie na kuziba mapengo. Hivyo usimuulize mtafutaji kama mashujaa walivaa kama ndege, maana hilo lipo kwenye matoleo yote. Muulize kama kulikuwa na roboti mdogo anayesimulia. Akisema ndiyo, toleo umeshalijua, na toleo ndilo linalokupa mwaka na lugha.

Maswali yanayofungua njia haraka ni haya: sauti ilikuwa ya lugha gani? Ni watu, katuni au vikaragosi? Kama ni vikaragosi, vya nyuzi, vya mkononi, au vya udongo vinavyopigwa picha mojamoja? Wimbo wa mwanzo ulikuwa na maneno? Kisa kiliisha siku ileile au kiliendelea kesho yake? Hadithi yenyewe iulizwe mwisho, maana ndiyo inayochanganyika kwanza. Vipindi viwili vilivyofuatana jioni huungana kichwani vikawa kimoja, na mtu anaweza kutafuta miaka na miaka kitu ambacho hakijawahi kuwapo.

#3

Nakazia #2, na naongeza jicho la kiufundi. Muulize mtafutaji picha ilikuwa na mwendo gani. Tamthilia nyingi za Uingereza za miaka ya 1970 na 1980 zilipiga matukio ya ndani kwa kamera za video za studio, na ya nje kwa filamu ya mm 16. Mhusika yupo sebuleni, picha ni kali na mwendo ni laini kama taarifa ya habari. Anafungua mlango, anatoka nje, ghafla picha ina chembechembe na mwendo mzito wa sinema. Mtu akikuelezea mruko huo, umeshapunguza eneo la kutafuta kwa kiasi kikubwa.

Na kama una hata kipande cha mwisho, simamisha kwenye majina ya watengenezaji. Vipindi vya BBC vya enzi hizo huandika mwaka kwa tarakimu za Kirumi: MCMLXXXIV ni 1984 (M 1000, CM 900, LXXX 80, IV 4). Kumbuka huo ni mwaka wa kutengenezwa. Kurushwa kunaweza kuja miaka mingi baadaye.

#4

Twende kwenye kaseti. Kosa kubwa kuliko yote ni kuitumbukiza kwenye deki dakika ileile umeipata.

Kama imetoka kwenye baridi au unyevu, iache kwenye joto la chumba saa 24. Kisha umulike mkanda kwa tochi kupitia kidirisha cha kaseti. Mkanda uliojifunga vizuri una uso laini kama sahani. Ukiona ngazingazi, ulifungwa kwa mkazo usio sawa. Ukiona unga mweupe au nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, soma #5 kwanza.

Bonyeza kitufe kidogo cha ubavuni, inua mlango wa mbele, kagua kingo. Mkanda wa VHS una upana wa mm 12.7 tu, na kila ukingo una kazi yake: wa juu hubeba sauti ya kawaida, wa chini hubeba mapigo yanayoiongoza deki ishike mwendo. Ndiyo maana mkunjo mdogo wa ukingo wa chini huyumbisha picha nzima hata kama katikati ni pazima kabisa.

Vunja kile kidude cha plastiki kilicho kwenye ukingo wa lebo, ili hata ukikosea kubonyeza, deki ikatae kurekodi juu yake. Halafu peleka mkanda mbele hadi mwisho na uurudishe mwanzo bila kusimama. Kaseti ya E-180 (ya dakika 180) ina zaidi ya mita 250 za mkanda, na safari hiyo moja huufunga upya kwa mkazo ulio sawa. Ukisikia mlio wa kukwaruza, simamisha hapohapo.

#5

Kuvu. Kaseti moja yenye kuvu ikiingia kwenye deki, deki itaipaka kila kaseti itakayofuata. Itenge kwenye mfuko pamoja na vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu mpaka kuvu igeuke unga mkavu. Ikiwa bado mbichi, ukiigusa inapakaa kama mafuta, na kuifuta ni kuisambaza.

Kufungua: barakoa, glavu, sehemu yenye hewa. Skrubu ni 5, zote upande wa chini. Ukishazilegeza zote, shika pande mbili zikiwa zimebanana, geuza kaseti ikae kwa tumbo, ndipo uinue kifuniko cha juu. Ukiinua kabla ya kugeuza, springi na vigurudumu vinamwagika na hutajua kipi kilikaa wapi. Piga picha kabla ya kugusa chochote.

Futa unga kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, ukisokota mkanda polepole. Kisha hamishia roli zote mbili kwenye ganda safi la kaseti nyingine ya VHS. Ganda la zamani tupa.

Mkanda ukikatika, usitumie selotepu ya kawaida. Gundi yake huvuja, na ikifika kwenye hedi (visomeo vya mkanda ndani ya deki) umeongeza tatizo juu ya tatizo. Tumia utepe maalumu wa kuungia mikanda, kata ncha zote mbili zikutane bila kupandana, na ubandike upande wa mgongo, ule usiogusa hedi. Ukishapita sehemu hiyo mara moja ukiwa unanasa (unahamishia kwenye kompyuta), usiirudie.

Upo pia ushauri wa kuoka mkanda kwa joto: hiyo ni tiba ya baadhi ya mikanda ya studio ambayo gundi yake imenyonya unyevu ikawa inanata, na hufanywa kwenye vifaa vya joto lililodhibitiwa. Kaseti ya nyumbani usiipeleke kwenye oveni ya jikoni, utapinda ganda na roli.

#6

Deki nayo inahitaji heshima. Funai, mtengenezaji wa mwisho, alisimamisha uzalishaji mwaka 2016, kwa hiyo kila deki unayokutana nayo sasa ni kongwe. Mipira imekauka, grisi imeganda. Ijaribu kwanza kwa kaseti isiyo na thamani dakika 10, itoe, kagua kingo. Kama imezikunja, kaseti yako ya thamani isiikaribie.

Kusafisha hedi: chomoa umeme, fungua kifuniko. Ile ngoma inayong'aa, yenye kipenyo cha mm 62, huzunguka mara 1,500 kwa dakika kwa PAL (mfumo wa TV wa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika), na hedi ni vijipande viwili au zaidi vinavyochomoza kidogo sana ubavuni. Vijiti vya pamba marufuku, nyuzi zake hunasa kwenye hedi na kuivunja. Tumia kijiti chenye ngozi laini kilicholowa alkoholi ya isopropili ya 99%. Kishikilie kitulie kabisa ubavuni mwa ngoma, kisha mkono wa pili uizungushe ngoma kwa juu. Kijiti hakisuguliwi juu na chini hata mara moja. Subiri robo saa ikauke.

#7

Wakuu, maswali mawili. Chenga kwenye mistari michache ya chini kabisa ya picha zinaondolewaje? Na sauti inayokatakata kama karatasi inayochanwa, ni mkanda au deki?

#8

Mkuu #7, hizo chenga za chini si ugonjwa. Hapo ndipo deki inapohama kutoka hedi moja kwenda nyingine, na TV za zamani zilizificha nyuma ya fremu ya kioo. Nasa kama zilivyo, zifiche kwenye nakala ya kutazamia.

Sauti: deki za HiFi husoma sauti kwa hedi zinazozunguka, na mkao ukitofautiana kidogo na wa deki iliyorekodi ndipo inapochanika. Rekebisha trakingi (jinsi hedi zinavyofuata njia za mkanda) kwa mkono kwanza, maana ile ya kiotomatiki hujali zaidi picha. Ikikataa, ingia kwenye menyu uhamie sauti ya kawaida ya ukingoni. Itakuwa mono na nzito kidogo, lakini haitakatika. Kwa kaseti zilizorekodiwa kwa LP (mwendo wa polepole unaorefusha muda wa kaseti), dawa bora ni deki ileile iliyorekodi, kama bado ipo hai.

#9

Kunasa kwenye kompyuta. Ukiwa na deki ya S-VHS (VHS iliyoboreshwa) yenye kirekebisha mistari cha ndani, kinachonyoosha picha inayoyumba, tumia hiyo kwa waya wa S-Video. Kama huna, waya wa njano kwa picha na nyeupe na nyekundu kwa sauti zinatosha kuanzia.

Mipangilio ya PAL: 720×576, fremu 25. NTSC (mfumo wa Marekani na Japani): 720×480, fremu 29.97. Sauti 48 kHz isiyobanwa. Nasa kwa HuffYUV (ubanaji usiopunguza ubora) kupitia programu ya VirtualDub ili usipoteze chochote, na utenge takriban GB 30 hadi 35 kwa saa. E-180 iliyojaa kwa mwendo wa kawaida inakula karibu GB 100. Hakikisha diski haiko kwenye FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili), maana faili litakoma likifika GB 4, yaani baada ya dakika 8 hivi, na wengi hulaumu waya.

Midomo ikianza kuachana na sauti kadiri kipindi kinavyosonga, angalia hesabu ya fremu zilizodondoka. Chanzo kikubwa ni mawimbi yanayoyumba kutoka kwenye mkanda, na kinasa (kifaa kinachoingiza picha kwenye kompyuta) kinapopotea kinaruka fremu. Dawa ni kirekebisha mwendo katikati ya deki na kinasa. Rekoda nyingi za DVD zenye kuingiza na kutoa AV husaidia kazi hiyo hata bila diski ndani.

Faili hilo kubwa ndilo asili, usiliguse. Picha ya VHS ni nusunusu: mistari ya witiri kwanza, ya shufwa baadaye, nusu 50 kwa sekunde. Ukiigeuza kuwa fremu 25 unatupa nusu ya mwendo. Kwa nakala ya kutazamia ya PAL, tumia amri hii ya programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i kaseti.avi -vf "bwdif=mode=send_field,setdar=4/3,format=yuv420p" -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -b:a 192k kaseti.mp4

Inatoka na fremu 50. Ukiondoa ile yuv420p, TV nyingi zitalikataa faili. Na kitu kikipita kinaonekana kinasonga mbele na kurudi nyuma kwa haraka, mpangilio wa nusu umegeuzwa: ongeza :parity=tff baada ya send_field, au :parity=bff.

#10

Kwa wanaotafuta tarehe kamili ya kurushwa: rekodi za Ulaya mara nyingi zilibeba teletext (kurasa za maandishi zilizorushwa pamoja na picha) kwenye mistari iliyofichwa juu ya picha, na kichwa cha kila ukurasa kilikuwa na siku na saa. VHS huififisha kiasi kwamba TV haiwezi kuisoma, lakini ukurasa uleule ulirudiwa mara nyingi, na zipo programu zinazolinganisha marudio hayo mpaka maandishi yarudi. Vinasa vya kawaida vya USB haviichukui mistari hiyo. Wanaotumia vhs-decode, wanaonasa mawimbi ghafi moja kwa moja kutoka kwenye saketi ya hedi, wanaipata.

Bila teletext, tazama matangazo ya biashara na dondoo za habari. Tangazo la mchezo wa keshokutwa linakupa tarehe bila ubishi.

#11

Ndiyo maana nasisitiza: kwenye faili la asili usikate matangazo, wala zile sekunde za mtangazaji wa zamu, wala kipande cha kipindi kingine kilichorekodiwa juu mwishoni. Mara nyingi kipindi chenyewe kimeshatoka kwenye DVD kwa ubora mzuri zaidi, na hicho ulichotaka kukikata ndicho hakipo popote.

Majina ya faili: mwaka-mwezi-siku, kituo, yaliyomo, namba ya kaseti. Usichokijua andika xx, usikisie, maana kisio likishasambaa mtandaoni linageuka ukweli. Namba hiyohiyo iandikwe kwenye ganda la kaseti. Lebo ya zamani, hata yenye mwandiko mbovu, ipige picha na uiweke folda moja na faili. Nakala mbili, diski mbili, nyumba mbili. Kaseti yenyewe usiitupe: isimamishe wima kama kitabu, mkanda ukiwa umerudishwa mwanzo, mbali na spika.

#12

Swali la nyongeza kwa #11: kaseti ikiwa na vipindi vitatu tofauti, ni faili moja au matatu?

#13

Asili moja, mkuu, kuanzia chenga za mwanzo hadi chenga za mwisho. Nakala za kutazamia zikate tatu, na kwenye jina la kila moja andika dakika inapoanzia kwenye asili.