Nitumeje faksi Marekani bure kwa barua pepe? Niko Dodoma

BintiKibaigwa
Wadau, habari za jioni. Naomba msaada, jambo hili limenikwamisha wiki nzima.

Mama yangu alikuwa kwa kaka yangu Minnesota. Akiwa huko akaugua moyo, akalazwa. Sasa amerudi nyumbani Kibaigwa, na daktari anayemwona hapa mjini anataka taarifa za kule: kipimo cha moyo kilionyesha nini, dawa gani alianzishwa, kwa nini dozi ilibadilishwa katikati. Mama anachokumbuka ni rangi za vidonge. Hospitali imetutumia fomu ya kibali, kurasa mbili, asaini mwenyewe, tuambatanishe na nakala ya pasipoti, irudi kwa faksi au kwa posta. Posta nahofia itachelewa, na mama anakohoa usiku halafu miguu inavimba.

Nimezunguka steshenari za Majengo mpaka karibu na Nyerere Square. Wengi mashine walishaiondoa. Mmoja anayo, akaniambia Marekani ni elfu ishirini kwa ukurasa, na ikigoma hela hairudi. Nimesikia kuna njia ya kutuma faksi bure kupitia barua pepe. Ni kweli? Ni salama? Nina simu janja na bando, kompyuta naazima kwa jirani.

MpitaNjiaBahi
Pole kwa kuuguza, dada. Waulize kwanza kama mgonjwa anaweza kupakia fomu kwenye tovuti yao. Hospitali nyingi za kule zina utaratibu huo, na hapo faksi huihitaji kabisa.

BintiKibaigwa
Asante sana. Kaka alishajaribu. Akaunti ya mama ilifunguliwa kwa laini ya kule ambayo imeshafungwa, kila akitaka kuingia, msimbo unaenda kwenye laini hiyo hiyo. Wameshikilia: faksi au posta.

MhaziliMstaafu
Pole mwanangu, na mama yako Mungu amjalie nafuu. Mimi nilikuwa mhazili wizarani, nimeanzia Dar es Salaam, nikastaafu serikali ikiwa imeshahamia huku Dodoma. Faksi nimezituma zaidi ya nilivyoandika barua zangu mwenyewe, kwa hiyo nisikilize taratibu.

Ni kweli, na kwa bahati yako nchi unayotuma ndiyo ile yenye njia ya bure. Iko tovuti inaitwa FaxZero. Inatuma bure Marekani na Kanada. Masharti yake ni kwamba faksi moja isizidi kurasa tatu ukiacha ukurasa wa mbele, na kwa siku mwisho ni faksi tano. Fomu yako kurasa mbili, pasipoti moja, umeenea. Ukurasa wa mbele wanabandika tangazo lao, ndiyo malipo yao hayo, usishtuke.

Sehemu ya mtumaji unajaza jina na barua pepe yako. Sehemu ya mpokeaji andika kitengo kinachotunza kumbukumbu za wagonjwa, usiandike jina la hospitali tu, maana hospitali kubwa ina mashine nyingi na karatasi isiyo na mwenyewe inalala kwenye trei. Namba ya faksi weka tarakimu kumi, yaani msimbo wa eneo na namba yenyewe. Zile sifuri tatu tunazoanza nazo tukipiga nje ya nchi usiziweke, kwa sababu simu haipigwi kutoka Dodoma. Faili lako linakwenda kwa intaneti mpaka kwenye mitambo yao, na mitambo yao ndiyo inayopiga namba ya hospitali.

Ukibonyeza kutuma usifunge ukadhani umemaliza. Wanakuletea barua pepe yenye kiungo cha kuthibitisha, usipokibonyeza faksi haitoki. Angalia na kwenye barua taka. Baadaye inakuja nyingine kukuambia imefika au imeshindikana. Hiyo ya imefika iweke vizuri, ina tarehe na saa, ni ushahidi wako wakikwambia hawajaona kitu.

Sasa usalama, na hapa nakuomba uwe makini kuliko hapo juu. Unampa mtu wa katikati pasipoti na saini ya mama yako. Kwa hiyo tuma kinachotakiwa tu: ukurasa wa pasipoti wenye picha, basi. Ukurasa wa mbele usiandike habari ya ugonjwa hata neno moja, andika kwamba ni maombi ya nakala za kumbukumbu na weka simu yako na barua pepe. Hilo la simu ni la lazima, kwa sababu namba itakayoonekana kwenye faksi si yako, hawawezi kukujibu kwa kuirudia. Na namba ya faksi uliyopewa linganisha na iliyo kwenye tovuti ya hospitali, tarakimu kwa tarakimu. Ukikosea moja, pasipoti ya mama inatoka kwenye mashine ya mtu mwingine kabisa na hutajua.

FundiLaini
Mama hapo juu kamaliza, nachomekea kidogo kwa sababu kila mara naulizwa na watu wa maofisini Area D na Mtumba: mbona hizo za bure haziji Tanzania?

Sababu ni gharama ya kupiga simu. Mwaka 1993 Wamarekani wawili, Carl Malamud na Marshall Rose, walianzisha jaribio la kutuma faksi kwa barua pepe bila malipo. Anwani ya barua pepe ilikuwa inatengenezwa kwa namba ya simu ya mpokeaji, tarakimu zimegeuzwa nyuma mbele na kutenganishwa kwa nukta, mwisho wake tpc.int. Barua ikifika, mtandao unaitafutia kompyuta ya mtu aliyejitolea katika eneo lile la simu, kompyuta inapiga, karatasi inatoka. Aliyejitolea hakuumia, kwa sababu sehemu kubwa ya Marekani simu ya ndani ya eneo ilikuwa inalipiwa kwa mwezi, upige usipige bei ile ile. Sisi kila dakika inahesabiwa. Nani angejitolea? Ndiyo maana mpaka leo ukitaka kutuma faksi kuja namba ya 026 hapa Dodoma au 022 Dar, utalipia.

Na zile za kutuma kwa barua pepe moja kwa moja, unaandika namba ya faksi halafu alama ya @ na jina la kampuni, unaambatanisha PDF, imekwisha, zipo, ila nyingi ni za kulipia kwa mwezi. Kwa mtu wa faksi moja ni hasara. Dada, ya FaxZero inakutosha. Unajaza kwenye tovuti, barua pepe inatumika kuthibitisha na kupokea majibu.

Kuna mtu ataleta wazo la kuchomeka mashine ya faksi kwenye laini ya simu ya mkononi. Msihangaike. Mtandao wa simu za mkononi unabana sauti ili maneno ya binadamu yasikike, sasa faksi inaongea kwa milio, ikibanwa milio inaharibika na mashine hazielewani. Inataka laini ya waya, au mitambo ya intaneti yenye utaratibu wa T.38 uliotengenezwa kwa ajili hiyo.

BintiKibaigwa
Shikamoo mama. Nimekaa na simu ya jirani jana, nimepiga picha fomu na pasipoti, nikajaribu kuchapa nione itakuwaje. Fomu inasomeka ila ina kivuli cha mkono wangu. Pasipoti sura ya mama ni doa jeusi. Nitume hivyo hivyo?

MhaziliMstaafu
Marahaba mwanangu. Hapana, usitume.

Faksi haina kijivu. Kila nukta ni nyeusi au nyeupe, na kwa kawaida ni nukta 204 kwa inchi kwenda kulia na 98 tu kwenda chini, ikiwekwa kwenye ubora wa juu inakuwa 196. Kivuli chako cha mkono kwako ni kijivu, kule kinatoka cheusi na kinafunika maandishi. Tulikuwa tunarudishiwa barua kwa sababu ya mhuri wa wino wa bluu uliopauka.

Nenda steshenari yenye skana. Fomu ijazwe kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa, na mama atie saini kwa kalamu hiyo hiyo, asikandamize kwenye mistari. Iskaniwe nyeusi na nyeupe, nukta 200 kwa inchi. Pasipoti mwambie kijana aongeze mwanga mpaka nyuma ya maandishi pawe peupe, hata kama sura itapauka kidogo. Wanachotafuta ni jina, namba na tarehe ya kuzaliwa vilingane na fomu. Ukurasa wote ukubwa wa A4, viunganishwe kuwa PDF moja. Na simama hapo hapo uone anafuta faili kwenye kompyuta yake na kwenye flashi. Usione aibu kumwambia. Pasipoti za watu zimejaa kwenye kompyuta za steshenari na hakuna anayejali.

Halafu iangalie ile fomu, lazima kuna sehemu ya kuchagua nakala zirudi kwa njia gani. Wasikuletee kwa faksi, utazipokelea wapi? Chagua barua pepe. Marekani wana sheria ya mwaka 1996 inaitwa HIPAA, kanuni zake zinampa mgonjwa haki ya kupewa nakala za kumbukumbu zake, na akitaka kwa barua pepe ya kawaida wanampa, wakishamweleza kwamba si salama sana naye akaridhia. Wana siku 30 za kujibu, wanaweza kuongeza nyingine 30 wakitoa sababu kwa maandishi. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa mbele omba kwa adabu kwamba mgonjwa anaendelea na matibabu, wafanye haraka.

Lakini mwanangu, miguu kuvimba na kukohoa usiku usingoje karatasi. Mrudishe kwa daktari kesho, na vidonge vyote alivyonavyo vitie kwenye mfuko uende navyo.

DaktariMtarajiwa_UDOM
Nakazia hilo la mama. Chukua na vichupa vyenye lebo hata kama ni vitupu. Dawa za kule zina jina, miligramu na jinsi ya kumeza kwenye lebo, daktari anaweza kuanzia hapo.

BintiKibaigwa
Wadau, nimerudi na majibu.

Mama tulimpeleka, daktari amemwongezea dawa ya kutoa maji na uvimbe umepungua. Vichupa vilikuwepo, viwili, chini ya begi. Sikuwahi kuvifikiria.

Faksi nimetuma. Ilitoka kuwa imeshindikana kwanza, namba ilikuwa inatumika. Kaka akaniambia nitume saa kumi na moja jioni yetu, kule inakuwa saa tatu asubuhi ndiyo wanafungua ofisi. Nilipotuma saa hiyo ikaja barua pepe kwamba kurasa zote zimefika. Kaka akawapigia, wamekiri wanayo, wamesema sura haionekani ila namba ya pasipoti inasomeka na inatosha. Watatuma kwa barua pepe. Nimelipa skana tu. Mama mhazili, Mungu akuzidishie, na fundi pia.

Swali la mwisho: daktari anataka na picha yenyewe ya moyo, ile inayotembea. Niwaombe kwa njia hiyo hiyo?

MhaziliMstaafu
Ombi unaweza kulipeleka kwa faksi, picha yenyewe haiji hivyo. Ikipita kwenye faksi inakuwa madoa, na inayotembea ndiyo haiwezekani kabisa. Waambie mnaomba nakala ya picha kwenye CD, au kiungo cha kuipakua kama wanacho. Ikiwa CD, kaka yako aipokee kule na akupakilie kwa intaneti, kisha CD yenyewe aitunze mpaka apatikane mtu anayekuja. Kwenye ombi jina lake liandikwe wazi kwamba ndiye anayeruhusiwa kupokea, na mama asaini upya chini ya sentensi hiyo.