Wakuu, kampuni iliyotufungia mfumo imetuulia bakapu za miezi minne

Wakuu nivumilieni, leo naandika kwa hasira.

Nashughulikia kompyuta za tajiri mmoja wa dagaa hapa Kirumba. Stoo yake nyingine iko Nansio, kule Ukerewe, na kila jioni kompyuta ya kule inatuma faili la mauzo, limefungwa zip, kuja kwenye seva ya Mwanza; hizo ndizo bakapu zetu, nakala za akiba. Kazi hiyo ilifungwa na kampuni moja (jina nalimeza), wakalipwa, wakasepa. Walichotuachia ni ile amri ya ftp ya kutuma faili inayokuja na Windows, na Telnet, ya kuingilia kwenye seva ukiwa mbali.

Jumatatu diski ya Nansio ikafa. Nikamwambia bosi asiwe na wasiwasi, bakapu zipo. Nafungua ya Jumamosi, imeharibika. Ya Ijumaa, imeharibika. Nikarudi nyuma miezi minne, hakuna hata moja inayofunguka! Bosi kasimama nyuma yangu anachezea funguo za gari, haongei.

Bahati karani alikuwa na nakala ya siku moja kwenye flashi. Baiti 48,213,906. Faili lilelile kwenye seva: 48,213,171. Pungufu 735. Nikakaa chini.

Ile ftp ya Windows usipoiambia binary (yaani usiguse baiti hata moja) inatuma kila kitu kama maandishi. Seva yetu ni Linux, na ikiambiwa yanakuja maandishi, kila ikikuta baiti yenye namba 13 ikifuatwa na yenye namba 10 inaitupa ile 13, kwa sababu mstari wa maandishi wa Windows unaishia na zote mbili, wa Linux na 10 peke yake. Barua haidhuriki. Zip ndiyo basi tena, maana kwake ile 13 ni sehemu ya faili lenyewe.

Telnet nayo niliichungulia kwa Wireshark, programu ya kuona kinachopita kwenye mtandao: paswedi ya seva inapita uchi, herufi moja moja. Dawa yake ni SSH, inayofanya kazi ileile ila inaficha kila kinachopita; Tatu Ylönen aliitengeneza Finland mwaka 1995, baada ya paswedi kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake. Nusu ya wanaosoma hapa 1995 hawajazaliwa.

Sasa msiniletee ubishi wa PuTTY na MobaXterm, programu za kuingilia kwenye seva kwa SSH, ipi ina sura nzuri. PuTTY naipenda, nyepesi, haihitaji hata kuinstoli (ila chunga kitufe cha kulia cha mausi, kinabandika papo hapo ulichokopi). Lakini dirisha lake halitumi faili, mpaka uwe na pscp au psftp, wenzake wa kutuma faili. Kwetu swali ni moja: mvua ikipiga ziwani mtandao ukakatika faili likiwa katikati, itakuwaje? Njia za kutuma faili ndani ya SSH ni mbili, SCP na SFTP. Kwa SCP unaanza upya, na bando limeenda. Programu ya WinSCP kwa SFTP inaacha kipande chenye jina la .filepart, ukirudi inaendelea palepale. FileZilla, programu nyingine ya kutuma faili, nayo inaendelea, ila usipoiwekea paswedi kuu, paswedi ulizohifadhi inaziacha kwenye faili ambalo yeyote anayekaa kwenye hiyo kompyuta anaweza kulisoma. Na pale Nansio wanakaa wengi, mpaka watoto wa karani.

Nimewapigia wale jamaa. Eti tulipie matengenezo kwanza, laki tatu, ndipo waje kuongeza neno binary kwenye skripti. Herufi sita!

Skripti yao nimeifuta, nimeweka WinSCP, na Telnet nimeizima. Aliyewahi kurudisha zip iliyopunguzwa baiti namna hii anijuze kafanyaje, tajiri kesho saa mbili asubuhi anataka hesabu.